Shajara ya mradi: vipimo vya damu na kupona baada ya upasuaji wa ini, Kampala

9 Oktoba 2023. Tulipoanzia

Mgonjwa aliyetusukuma kuanza kazi hii alikuwa mvuvi wa makamo. Alikatwa upande wa kulia wa ini kwa sababu ya saratani, na siku ya tatu alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji na kumtania mkewe. Siku ya tano macho yakawa ya manjano. Siku ya saba hakumtambua mke yule yule. Siku ya kumi na moja tukampoteza. Daktari wetu wa upasuaji alinifuata maabara, faili mkononi, akaniuliza: "Ndugu yangu, damu yake ilijua lini?"

Nikapekua faili. Bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu, ilipimwa siku ya kwanza na ya nne. INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ilipimwa mara moja tu kabla ya upasuaji, kisha haikuombwa tena mpaka alipokwisha kubadilika rangi. Huenda damu yake ilijua mapema. Sisi hatukuiuliza.

Kwa wasioizoea kazi hii: ini ni kiungo kinachoota tena. Likikatwa, kipande kilichobaki huanza kukua ndani ya siku chache. Hatari huja pale kilichobaki kinapokuwa kidogo mno, au kimekwisha kuchoshwa na homa ya ini B au pombe, kikashindwa kubeba mzigo wote huku bado kinakua. Mwaka 2005 madaktari wa Ufaransa walionyesha kwamba mgonjwa ambaye siku ya tano ana prothrombini (kipimo kingine cha uwezo wa damu kuganda) chini ya asilimia 50 na bilirubini juu ya mikromoli 50 kwa lita yumo katika hatari kubwa ya kufa. Mwaka 2011 kundi la kimataifa la wapasuaji wa ini likakubaliana kwamba ini huhesabiwa kuwa limeshindwa pale INR na bilirubini zote zinapokuwa juu siku ya tano au baada yake. Vigezo vyote viwili vinangoja siku ya tano. Kwa mvuvi wetu, siku ya tano ilikuwa imechelewa.

Tunataka kuona siku ya kwanza na ya tatu, tena kwa vipimo ambavyo maabara ya kawaida ya Uganda inavimudu: bilirubini, albumini (protini inayotengenezwa na ini), INR, AST na ALT (vimeng'enya vinavyovuja chembe za ini zikiumia), chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda), laktati (asidi inayozidi tishu zikikosa oksijeni), fosfeti (chumvi ya fosforasi katika damu). Kile kipimo cha kudunga rangi ya kijani mshipani na kutazama ini linaiondoa kwa kasi gani, ambacho Wajapani wamekitumia miaka mingi kuamua wakate kiasi gani, hatuna.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzetu wa Bunia, Kongo, na Mwanza, Tanzania, wameomba wafuate hatua kwa hatua.

4 Machi 2024. Ruhusa, na neno lililotukwamisha

Kamati ya maadili imekubali, na mradi umesajiliwa katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kila mgonjwa ana namba. Daftari linaloonyesha namba ni ya nani limefungiwa kwenye kabati la Sista mkuu, ili tutii Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019.

Karatasi ya ridhaa ya Kiswahili niliiandika mimi, na ya kwanza haikufaa. Niliandika kwamba tutatafuta "alama katika damu". Mama mmoja kutoka Ituri aliisoma mara mbili, akaishusha: "Munataka kuniweka alama gani, musawo?" Kwa mtu aliyekimbia vita na kuandikishwa katika kila kituo alichopita, neno alama si neno jepesi. Nikaiandika upya: "Tutapima damu yako ili tuone ini linavyofanya kazi wakati unapona." Mililita 10 nazo nimezigeuza kuwa vijiko viwili vya chai, kwa sababu watu walikuwa wanadhani ni chupa nzima ya kuongezewa damu. Karatasi ya Kiluganda imepitiwa na wauguzi wawili kabla ya kuchapwa. Fanyeni hivyo tangu mwanzo, mtaokoa wiki tatu.

22 Aprili 2024. Mirija ya bluu

Kosa hili nimelipa nafasi kubwa kwa sababu lilikaribia kumdhuru mtu.

Wagonjwa wanne wa kwanza, INR ya siku ya kwanza ilikuwa juu kwa wote. Mmoja wao alikuwa na 2.4, na wodi ilikwisha omba plazma (maji ya damu yenye vigandishi) kutoka benki ya damu. Lakini mgonjwa mwenyewe alikuwa anazungumza vizuri, kidonda kikavu, bilirubini karibu na kawaida. Nikaomba niuone mrija wenyewe. Damu ilikuwa imefika nusu tu ya mstari.

Mrija wa kifuniko cha bluu una sitrati ya kuzuia damu isigande, na kipimo chake ni sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitrati. Damu ikipungua, sitrati inakuwa nyingi mno, na mashine inachelewa kuona damu ikiganda. INR inapanda ilhali ini halina hatia. Tulichukua damu upya, mrija ukajaa hadi mstarini, INR ikasoma 1.5. Plazma ikarudishwa.

Nilikaa wodini asubuhi mbili kutazama damu inavyochukuliwa, nikakuta sababu mbili. Ya kwanza: wagonjwa wenye mishipa myembamba walikuwa wanachukuliwa damu kwa sindano ya kipepeo, na mrija wa bluu ndio uliotangulia. Hewa iliyomo kwenye kile kipira chembamba huingia ndani ya mrija badala ya damu. Dawa yake ni kutanguliza mrija mmoja wa kutupa, kisha ndiyo bluu. Ya pili: pakiti moja tuliyopewa na wahisani ilikuwa imepita muda wake, na mirija iliyopita muda hupoteza ule mvuto wa ndani unaofyonza damu. Pakiti nzima tumeitupa. Inauma kutupa vifaa hospitali yenye uhaba, lakini mrija wa namna hiyo unatoa namba inayoonekana ya kweli, na hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Baada ya wiki mbili likazuka jingine. Kijana wa zamu ya usiku, kwa nia njema kabisa, alikuwa anaweka mirija ya bluu kwenye friji hadi asubuhi. Damu ya INR haiwekwi kwenye friji: baridi huamsha kigandishi namba saba, moja ya protini za kugandisha damu, na matokeo yanaweza kutoka mazuri kuliko hali halisi. Ikikaa kwenye joto la kawaida la chumba, imefunikwa, inastahimili saa 24. Nimebandika karatasi mlangoni mwa friji kwa maandishi makubwa: BLUU HAILALI HUMU.

Gharama: mirija iliyorudiwa na iliyotupwa, shilingi 110,000.

20 Mei 2024. AST na barabara ya mashimo

Kwa muda mashine yetu ya kemia ilikuwa haifanyi kazi, sampuli zikawa zinapelekwa maabara nyingine kwa boda. Mvua za Aprili zilikuwa zimechimba barabara. Sampuli nyingi zilifika na seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) nyekundu kama juisi ya ubuyu, maana yake chembe nyekundu zimepasuka. Zikipasuka, AST, potasiamu na fosfeti hupanda bila ini kuhusika.

Mwanzoni tuliilaumu boda peke yake. Nilipolinganisha sampuli zilizobaki hapa na zilizosafiri, nikakuta hata baadhi ya zilizobaki ni nyekundu. Wanafunzi walikuwa wanavuta damu kwa bomba la sindano kisha wanaisukuma kwa nguvu kupitia sindano ile ile ndani ya mrija. Sasa tunachukua kwa kishikio cha mirija moja kwa moja, tunaiacha damu igande dakika 30 ikiwa imesimama, tunaizungusha hapa hapa, na boda anabeba seramu iliyotenganishwa tayari. Dereva naye tumemlipa kidogo zaidi ili asikimbie.

Jambo dogo la pembeni: bilirubini huharibiwa na mwanga. Kishikizo chetu cha mirija kilikuwa dirishani, jua la asubuhi linakipiga. Kimehamishwa, na mirija inafungwa kwa foili niliyonunua Kikuubo.

17 Juni 2024. Kokotoo la ALBI

ALBI, hesabu ya kukadiria nguvu ya ini, ilitolewa mwaka 2015 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani ya ini, na inahitaji vitu viwili tu, bilirubini na albumini. Ndiyo maana tuliipenda. Unachukua logi ya kumi ya bilirubini kwa mikromoli, unazidisha kwa 0.66, kisha unatoa albumini kwa gramu kwa lita iliyozidishwa kwa 0.085. Jibu likiwa -2.60 au chini yake ni daraja la kwanza, yaani ini lenye nguvu. Juu ya hapo hadi -1.39 ni la pili. Zaidi ya hapo ni la tatu, ini dhaifu.

Kijana wetu wa takwimu alinionyesha wagonjwa watatu wa daraja la tatu walioingia hospitalini kwa miguu yao, wanakula, hawana maji tumboni. Haikuingia akilini. Chanzo kilikuwa vipimio. Maabara ya nje inatoa bilirubini kwa miligramu kwa desilita na albumini kwa gramu kwa desilita, nasi tuliingiza namba kama zilivyo.

Tazameni ukubwa wa kosa. Mtu mwenye bilirubini miligramu 1.0 na albumini gramu 4.0 kwa desilita ana mikromoli 17.1 na gramu 40 kwa lita. Hesabu sahihi inatoa -2.59, daraja la pili kwa tofauti ya 0.01 tu. Ukiingiza 1.0 na 4.0 bila kubadilisha, unapata -0.34, daraja la tatu, na huenda mtu akanyimwa upasuaji anaouhitaji. Ukibadilisha albumini ukasahau bilirubini, unapata -3.40, daraja la kwanza, na hili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu mtu mwenye ini dhaifu atapanda meza ya upasuaji akiwa na karatasi inayosema yu salama.

Sasa jedwali lina safu ya kipimio, na halikubali namba mpaka safu hiyo ijazwe. Bilirubini ya miligramu huzidishwa kwa 17.1, albumini ya gramu kwa desilita huzidishwa kwa 10. Anayetumia programu ya takwimu ahakikishe ni logi ya kumi, maana programu nyingi ukiandika "log" zinakupa ile ya asili.

Tena, damu isichukuliwe kwenye mkono wenye dripu, na mkono usifungwe kwa muda mrefu kabla ya kutoboa. Dripu inaishusha albumini, kamba inaipandisha.

5 Agosti 2024. Bandama

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na ndipo ningependa wenzangu wa kanda ya maziwa wasimame kidogo.

Vitabu vinafundisha kwamba chembe sahani zikiwa chache kabla ya upasuaji, ini huenda lina makovu. Hesabu mbili zinazotumika sana, APRI ya mwaka 2003 na FIB-4 ya mwaka 2006, zinagawanya AST kwa idadi ya chembe sahani. Zilitengenezwa kwa wagonjwa wa homa ya ini C. Wagonjwa wetu wengi hawana homa ya ini C. Wana B, na kadhaa wamekulia ufukweni mwa Ziwa Albert, ambako kichocho cha tumbo kimekaa vizazi na vizazi.

Mayai ya kichocho hunasa kwenye vijishipa vinavyoingiza damu ndani ya ini. Kovu hujengeka kuzunguka mishipa hiyo, shinikizo linapanda, bandama inavimba na kuzuia chembe sahani ndani yake. Lakini chembe za ini zenyewe mara nyingi zinabaki zinafanya kazi. Basi anakuja mtu mwenye chembe sahani elfu 70, albumini nzuri, INR ya kawaida, na kokotoo linamwandikia makovu mazito. Malaria ya kurudiarudia nayo inaweza kuikuza bandama vile vile.

Wagonjwa wetu wawili wa ufukweni walikuwa hivyo hasa. Daktari wa upasuaji alinikumbusha, na yuko sahihi, kwamba hilo haliwapi ruhusa ya kupita bila wasiwasi. Shinikizo kubwa katika mshipa unaoingiza damu kwenye ini ni hatari yenyewe kwa kutoka damu. Aidha, chembe sahani hubeba serotonini, na majaribio ya panya yameonyesha kwamba ini hukua polepole zikikosekana. Kwa hiyo namba ndogo ina uzito wake, ila sababu yake si ile inayodhaniwa na kokotoo, na tiba yake si moja.

Tulichobadilisha: fomu ya kupokea mgonjwa ina maswali mapya. Umewahi kuishi karibu na ziwa au mto? Umewahi kumeza dawa ya kichocho? Bandama inapapaswa, na urefu wake unapimwa kwa ultrasaundi. APRI bado tunaihesabu, lakini imeandikwa kwa penseli pembeni, na mwenye bandama kubwa haingizwi kwenye wastani wa wengine.

Kabla ya kuamini namba yoyote ndogo ya chembe sahani, tunatazama damu kwenye kioo chini ya hadubini. Kwa watu wachache chembe sahani hushikana ndani ya mrija wa zambarau, na mashine inahesabu kila kishada kama chembe moja tu. Tulimpata mmoja. Tulirudia kwa mrija wa bluu, tukazidisha kwa 1.1 kufidia sitrati, namba ikawa ya kawaida.

Bilirubini nayo ina mtego wa kwetu. Siko seli, malaria, au damu ya kuongezewa iliyopasuka mwilini huipandisha ini likiwa zima. Tangu mwezi huu tunapima jumla na ile iliyokwisha kushughulikiwa na ini, kila moja peke yake. Ikipanda ile ambayo haijashughulikiwa huku INR imetulia, tunatafuta malaria na siko seli kabla ya kulishuku ini.

16 Septemba 2024. Laktati tumeiacha

Shilingi 640,000 zimekwenda, na sina njia ya kuzirudisha. Laktati ni kiashiria kizuri pale damu inapopimwa papo hapo. Kwetu, kutoka wodi ya upasuaji hadi mashine ni dakika 40 siku njema. Chembe nyekundu hazilali ndani ya mrija, zinaendelea kula sukari na kutoa laktati. Tulitumia mirija ya kijivu, yenye dawa ya kuzuia chembe zisile sukari, na barafu, lakini umeme ulipokatika barafu haikuwepo, na namba zikawa zinafuata ucheleweshaji kuliko ugonjwa. Mwenye mashine ya kitandani na aitumie. Sisi hatuna.

Fosfeti imebaki, na ni rahisi. Baada ya ini kukatwa, kwa kawaida fosfeti hushuka siku ya pili au ya tatu. Inaelezwa kwamba ini linalokua linaitumia, na figo nazo huimwaga. Isiposhuka, tunakuwa macho. Mitego yake: sampuli iliyopasuka, figo mbovu, na fosfeti ya dripu ambayo wodi imesahau kuiandika.

11 Novemba 2024. Karatasi ya ukutani

Sista mkuu ndiye aliyeuliza kwa nini namba zote zinalala kwenye kompyuta ambayo yeye haioni. Tukachapa karatasi kubwa, moja kwa kila kitanda: siku kwa mlalo, na penseli tatu za rangi. Nyekundu kwa INR, njano kwa bilirubini, kijani kwa fosfeti.

Albumini tumeiondoa kwenye karatasi hii. Inafaa kabla ya upasuaji, lakini nusu yake huchukua kama siku 20 kuondoka mwilini, kwa hiyo kushuka kwake wiki ya kwanza ni kwa dripu na uvimbe kuliko kazi ya ini. Kigandishi namba saba, ambacho hutengenezwa na ini na kuathiri INR, kinaisha kwa saa chache tu, na ndiyo maana INR husema mapema. AST na ALT zitapanda kwa kila aliyekatwa ini. Tunatazama tu kama zinashuka.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, siku ya tatu, mstari mwekundu ulikuwa unashuka, 1.6 hadi 1.3, huku wa njano unapanda, mikromoli 38, kisha 61. Muuguzi wa zamu alinipigia: "Mistari inaachana." Ini linaposhindwa, kwa kawaida yote miwili hupanda pamoja. Ikiachana namna hii, fikiria nyongo imeziba au inavuja. Ultrasaundi ilionyesha maji chini ya ini, mpira wa kuyatoa ukawekwa, ikatoka nyongo. Amerudi kwao.

Mgonjwa mwingine yote miwili ilipanda siku ya tatu, na fosfeti haikushuka. Alihamishiwa kitanda kilicho mbele ya meza ya wauguzi, dawa za usingizi zikasimamishwa, sukari ikapimwa usiku kucha, maambukizi yakatafutwa na kupatikana kifuani. Alikaa wiki tatu, akatoka. Sidai kwamba penseli ndiyo iliyomponya. Naandika tu kwamba siku mbili kabla ya siku ya tano, watu wote wa zamu walikuwa wanamtazama yeye.

Marekebisho: mgonjwa akipewa plazma au vitamini K, tunachora pembetatu kwenye saa ile. Bila pembetatu, mstari mwekundu utaonekana unashuka kwa nguvu za ini.

20 Januari 2025. Gharama, na kinachofuata

Wagonjwa 19 hadi leo. Ni wachache mno kwa kutunga kiwango chetu wenyewe, na nawaomba wenzangu wasiuchukue mstari wetu wowote kama mpaka wa hatari. Kinachoweza kunakiliwa ni namna ya kuchukua damu, jedwali lenye safu ya kipimio, maswali ya bandama, na karatasi ya ukutani.

Tumetumia shilingi 2,907,000. Mirija 1,140,000, pamoja na ile iliyorudiwa. INR 18 zilizopimwa nje vitendanishi vilipokwisha, 720,000. Laktati 640,000. Boda 312,000. Karatasi, foili na penseli 95,000. Mtu anayeanza leo bila laktati, na mwenye kuangalia tarehe za mirija kabla ya kuipokea, ataokoa robo ya pesa hizi.

Nakala za fomu zimekwenda Bunia na Mwanza. Mirija ya bluu iliyobaki inaisha muda Machi, na pakiti mpya nimeziagiza. Sista ameomba karatasi ya ukutani iwe na nafasi ya siku ya pili pia, kwa sababu ya fosfeti. Nimezichapa upya leo mchana, 40, na kitanda namba sita kina ya kwanza.